Ndondi: Chipukizi huhitaji wapinzani wa kiasi chake, si mapambano ya pupa

MWEZI wa kwanza katika ukumbi wa mazoezi ya ndondi huwa na swali moja lisilomtoka kijana akilini: atapanda ulingoni lini? Amekwisha kununua bandeji za kufungia mikono, amejua kuruka kamba bila ya kujikwaa, na jioni akirejea mtaani wenzake wanamwita bondia. Kocha naye, akiwa mtu anayeijua kazi yake, humjibu kwa kumrudisha mbele ya kioo akarudie hatua alizofunzwa siku ya kwanza.

Mvutano huo baina ya haraka ya mwanafunzi na subira ya mwalimu ndio kiini cha makuzi ya bondia yeyote wa ridhaa. Tajriba ya ndondi haifundishiki kwa maneno; sharti mtu apigane ndipo aipate. Lakini kila pambano lina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa kichwa. Kwa hivyo, suala si iwapo chipukizi apigane au asipigane, bali apigane na nani, lini, na kwa nguvu za kiasi gani.

Kenya haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa bondia aliyekomaa kwa hatua. Marehemu Philip Waruinge wa Nakuru alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964 na kurejea nyumbani bila medali. Miaka miwili baadaye alitwaa dhahabu ya uzani wa unyoya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica. Huko Mexico City mwaka wa 1968 alipata shaba, baada ya kushindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán aliyekuwa akipigana mbele ya mashabiki wa kwao. Hata hivyo, ni Waruinge aliyetunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote katika mashindano hayo, ambayo kwa kawaida humwendea mshindi wa dhahabu. Alihifadhi taji lake la Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka wa 1970, na hatimaye mjini Munich, mwaka wa 1972, akafika fainali ya Olimpiki na kuondoka na fedha, majaji watatu wakimpa ushindi Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti na wawili wakimpa yeye.

Kutoka Tokyo hadi Munich ni miaka minane. Na kilichompa sifa Waruinge duniani si nguvu za makonde yake, bali namna alivyoyatumia. Hilo ni jambo ambalo vijana wengi wanaoingia katika mchezo huu kwa kutazama video za mabingwa wa kulipwa wakiangushana hawalioni.

Pambano la ridhaa la watu wazima huchukua raundi tatu za dakika tatu kila moja, na mapumziko ya dakika moja katikati. Vijana wa miaka 15 na 16 hupigana raundi tatu za dakika mbili. Mtazamaji aliyezoea mapambano ya kulipwa ya raundi 12 huenda akadhani dakika hizo tisa ni mzaha. Aliyewahi kuzipigana hana dhana hiyo. Kwa kuwa muda ni mfupi, hakuna nafasi ya kumpima mpinzani polepole. Kasi huanza kengele ya kwanza inapolia, na aghalabu chipukizi huishiwa na pumzi kabla ya raundi ya kwanza kukamilika, hata kama hukimbia kilomita nane kila alfajiri.

Kosa si la mapafu. Hofu hukaza mabega, ngumi zikakunjwa kwa nguvu hata zisipopiga, na pumzi ikazuiwa kifuani kila konde linapokuja. Mwili uliojikaza namna hiyo huteketeza nguvu zake bila ya kufanya kazi yoyote. Dawa yake haipatikani barabarani. Hupatikana kwa kuzoea, kidogo kidogo, kumwona mtu mbele yako akikurushia makonde huku nawe ukiendelea kupumua na kufikiri.

Miguu kabla ya mikono

Kabla ya hapo kuna miezi kadhaa isiyo na msisimko. Bondia hufunzwa kusimama: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea, kidevu kimeinama, mikono imeinuliwa. Hufunzwa kutembea bila ya kupishanisha miguu, maana anayepigwa akiwa ameipishanisha huanguka hata kwa konde dogo. Kisha hupewa konde la mkono wa mbele, lile la kupimia umbali, na kuagizwa alirudie mara elfu. Wengi hulidharau kwa sababu haliangushi mtu. Lakini ndilo linalomzuia mpinzani asikaribie, ndilo linalofungua njia ya mkono wa nyuma, na kwa chipukizi ndilo ambalo likikosea shabaha halimwachi wazi sana.

Kupigana na kivuli, kupiga begi na kupiga padi za kocha, vyote vina nafasi yake. Ila begi halijibu, na bondia aliyelelewa na begi pekee hujulikana mara moja: husimama palepale baada ya kupiga, akilitazama konde lake kana kwamba analisifu. Ulingoni, muda huo ndio anaopigwa.

Darasa lenyewe ni sparingi

Sparingi, yaani pambano la mazoezi baina ya wanachama wa klabu, ndipo chipukizi anapokusanya sehemu kubwa ya tajriba yake. Anaweza kupigana raundi mia moja za mazoezi kabla hajafikisha pambano lake la kumi la mashindano. Ni papo hapo pia ambapo vipaji vingi huharibiwa, tena bila ya mtu wa nje kujua.

Kocha mwangalifu haanzi kwa kuwaachilia vijana wawili wapigane watakavyo. Huwawekea masharti. Mmoja atumie mkono wa mbele peke yake, mwenzake akinge tu bila ya kujibu. Baada ya dakika mbili wabadilishane. Siku nyingine makonde yawe ya mwilini pekee, kichwa kiwe marufuku. Siku nyingine mmoja asukumwe kwenye kamba na kazi yake iwe ni kutafuta njia ya kutoka. Masharti haya hupunguza mambo ambayo akili ya chipukizi inapaswa kuyashughulikia kwa wakati mmoja. Anayejua kwamba leo hatapigwa kichwani hufumbua macho, na anayefumbua macho ndiye anayejifunza. Anayehofia kila kitu kwa pamoja huyafumba, naye anaweza kupigana mwaka mzima asijue zaidi ya alichokijua mwezi wa pili.

Suala la wenza wa sparingi lina uzito zaidi kuliko linavyopewa. Chipukizi anamhitaji mtu aliyemzidi, wa kumfichulia makosa. Anamhitaji aliye sawa naye, wa kumpa ushindani wa kweli. Na anamhitaji pia aliye chini yake kidogo. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika. Bondia hawezi kujaribu mbinu mpya mbele ya mtu anayemtia hofu. Hurudi kwenye yale machache aliyoyazoea. Ni mbele ya mpinzani asiyemtisha ndipo anapothubutu kuteleza pembeni badala ya kurudi nyuma, au kupiga makonde matatu mfululizo ilhali siku zote hupiga moja na kujificha. Katika kumbi nyingi, hata hivyo, mgeni hupewa wa aina ya kwanza tu, na mara nyingi ni bondia wa miaka mingi anayemtumia kama begi lenye miguu.

Kuna desturi ya kale katika ndondi inayostahili kuheshimiwa: mwenye uzoefu ndiye anayeweka kipimo cha nguvu. Akimpiga mgeni kwa nguvu zake zote, aibu ni yake. Desturi hii ikivunjika, mazoezi hugeuka vita, watazamaji hukusanyika na kushangilia, na kijana hupokea kichwani makonde ambayo hayaingii katika kitabu chochote cha rekodi. Ulingo wa mashindano una refa na daktari. Sparingi ya Jumanne jioni haina hata mmoja wao. Glavu kubwa za aunsi 16 na kofia ya kinga husaidia, lakini kofia hiyo kazi yake hasa ni kuzuia michubuko na kupasuka kwa ngozi. Ubongo ulio ndani ya fuvu hutikisika vilevile. Tangu mwaka wa 2013, wanaume wa ngazi ya juu katika ndondi za kimataifa za ridhaa hupigana bila ya kofia hizo, huku wanawake na vijana wakiendelea kuzivaa.

Ni rahisi kuandika masharti haya kuliko kuyatimiza. Klabu nyingi nchini hufanyia mazoezi katika kumbi za kijamii mitaani, ambako jozi chache za glavu huvaliwa kwa zamu, na huenda kukawa na mabondia wawili tu wenye uzani unaokaribiana. Matokeo yake ni kijana wa kilo 51 kuingizwa ulingoni na mwenzake wa kilo 63 kwa kuwa hakuna mwingine. Njia ambayo makocha wenye busara huitumia ni kutembeleana: klabu moja hufunga safari ya matatu Jumamosi kwenda kwa jirani, si kwa mashindano, bali kwa raundi za mazoezi zilizokubaliwa mapema. Chipukizi hupata sura mpya, mitindo mipya, na pengine kwa mara ya kwanza hukutana na mashoto, yule bondia anayesimama na mkono wa kulia mbele, ambaye huvuruga kila alichokizoea.

Kwa wasichana uhaba huu ni maradufu. Christine Ongare, aliyeshinda shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka wa 2018 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo, alifungua mlango ambao wengi wamepitia. Hata hivyo, msichana anayeanza leo bado hulazimika mara nyingi kufanya sparingi na wavulana. Hilo si baya iwapo masharti ya nguvu yamewekwa na kocha yupo karibu na kamba. Yasipowekwa, wapo wavulana wanaoogopa kuchekwa wakiguswa na msichana, na woga huo huwafanya wapige kwa hasira.

Pambano la kwanza

Siku ya mashindano huanza asubuhi kwa mizani na daktari. Hapa chipukizi wengi hujikosesha wenyewe. Akiwa amesikia kwamba ni heri kupigana na wadogo, hujinyima maji siku mbili na kukimbia akiwa amevaa nguo nzito za kumtoa jasho ili apunguze kilo tatu. Mwili uliokaukiwa na maji huishiwa na nguvu haraka, na hatari ya madhara ya ubongo huongezeka. Bondia anayeanza anapaswa kupigana katika uzani anaotembea nao.

Kulinganisha wapinzani kwa kilo pekee hakutoshi. Kocha hutazama umri, na hasa idadi ya mapambano ambayo mwenzake amepigana. Kijana mwenye pambano moja akikutanishwa na mwenye 20, kilo zikiwa sawasawa, hilo si pambano la kumpa tajriba. Ndiposa kukawepo mashindano ya chipukizi, na ndiposa kocha mwenye msimamo humwondoa bondia wake saa moja kabla ya kengele iwapo jina lililobandikwa ukutani silo lililokubaliwa. Ataitwa mwoga. Wanaoijua ndondi humwelewa.

Ulingoni, kosa la kawaida ni kutafuta nokauti. Tangu mwaka wa 2013 majaji hutumia mfumo wa alama kumi: mshindi wa raundi hupewa kumi, na aliyeshindwa tisa, au nane na chini ya hapo akilemewa kabisa. Wanachotazama ni makonde safi yanayotua kwa sehemu ya mbele ya glavu usoni, kando ya kichwa au mwilini juu ya mshipi. Kisha ni nani anayeuongoza mchezo. Kila raundi huhesabiwa peke yake. Bondia anayerusha makonde makubwa ya kuzunguka ambayo mawili tu yanatua hupoteza raundi kwa anayegusa mara kumi kwa mkono wa mbele na kuondoka. Aidha, sharti chipukizi azoee amri za refa mapema. Wapo waliopokonywa alama kwa kuendelea kupiga baada ya kuamriwa wasimame, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa kelele za ukumbi na mapigo ya moyo wao viliwaziba masikio.

Kushindwa katika pambano hilo la kwanza si ajabu, na si hasara pia, almuradi kijana aliendelea kufikiri hadi kengele ya mwisho. Hasara iko kwingine. Mashindano mengi ni ya mtoano: anayeshindwa siku ya kwanza hufungasha virago. Kwa hivyo, anayehitaji tajriba zaidi ndiye anayeipata kidogo, huku mshindi akipigana mara tatu au nne katika wiki hiyo hiyo. Vasyl Lomachenko wa Ukraine, bingwa wa Olimpiki mwaka wa 2008 na 2012, hutajwa kuwa na mapambano karibu 400 ya ridhaa kabla ya kuingia katika ndondi za kulipwa. Mkenya wa kawaida hawezi kuota idadi kama hiyo. Baadhi ya klabu huziba pengo kwa kuandaa jioni za mapambano ya kirafiki ambako walioshindwa mapema hukutanishwa wenyewe kwa wenyewe. Gharama yake si kubwa: ulingo, refa, daktari na chai.

Anayepigwa nokauti kwa makonde ya kichwa hali yake ni nyingine. Kanuni za kimataifa humzuia asipigane wala asifanye sparingi kwa muda usiopungua siku 30, na muda huo huongezeka akipoteza fahamu au akipigwa hivyo tena katika kipindi kifupi. Kanuni hii hutegemea kitabu cha rekodi cha bondia na ukweli wa kocha. Kijana anayehofia kupoteza nafasi yake katika timu huficha maumivu ya kichwa, hujidai amelala vizuri, na wiki inayofuata yumo ulingoni akipokea konde la pili kabla la kwanza halijapona. Hakuna jambo jingine katika mchezo huu linalostahili kukemewa kwa sauti ya juu kuliko hilo. Aliyepigwa na kulalamikia kichwa, kutapika, kuona ukungu au kusahau yaliyotokea, mahali pake ni hospitalini.

Kenya inalikumbuka jina la Robert Wangila Napunyi kwa fahari na kwa huzuni. Mjini Seoul mwaka wa 1988 alimshinda Laurent Boudouani wa Ufaransa kwa nokauti katika fainali ya uzani wa welter na kuiletea nchi dhahabu yake pekee ya Olimpiki nje ya riadha. Alijiunga na ndondi za kulipwa Marekani, na Julai 1994 alifariki kutokana na majeraha ya kichwa baada ya pambano mjini Las Vegas. Yeye hakuwa chipukizi. Kama jambo hilo lilimpata bingwa wa Olimpiki, mzazi wa kijana wa miaka 16 ana haki ya kuuliza maswali.

Shinikizo la kuharakisha lina sababu inayoeleweka. Kwa muda mrefu ngumi zimekuwa njia ya kupata ajira katika Polisi, Jeshi na Magereza, na kijana wa mtaani asiye na karo huona kila pambano kama mahojiano ya kazi. Wengine huvutwa na mapromota wa ndondi za kulipwa wanaotafuta mtu wa kupigwa na nyota wao. Kijana mwenye mapambano matano ya ridhaa hulipwa pesa kidogo, akaangushwa, na jina lake likawa limekwisha kuchafuka akiwa na miaka 20. Yupo pia Nick Okoth, mwanajeshi aliyepigana katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008 na kurejea katika ya Tokyo mwaka wa 2021, miaka 13 baadaye. Huko Tokyo alitolewa katika pambano lake la kwanza na Tsendbaatar Erdenebat wa Mongolia, lakini alikuwa na miaka 38 na bado ndiye aliyekuwa amefuzu.

Mzazi anayempeleka mtoto klabuni haitaji kuijua ndondi. Anaweza kukaa kwenye benchi jioni mbili na kutazama. Je, kocha huwatenganisha vijana mazoezi yanapokuwa vita, au hucheka pamoja na watazamaji? Aliyepigwa sana jana, leo amewekwa kando? Vitabu vya rekodi vipo, na vimejazwa? Na siku ya pambano, mwana akilemewa na refa asione, ni nani aliye kwenye kona mwenye taulo mkononi, na amewahi kuitupa?